Maisha ya Bibi Chien-Shiung Wu, Mpimaji wa Ulinganifu wa Maumbile



Mpishi akitaka kujua kama uji umekolea sukari, hanywi sufuria nzima. Huukoroga vizuri, kisha huonja kijiko kimoja, na kwa kijiko hicho hutoa hukumu juu ya uji wote. Hukumu yake ni ya haki kwa sababu uji uliokorogwa sawasawa ni mmoja juu na chini, kulia na kushoto. Lakini kama haukukorogwa, kijiko kile kile kitamdanganya, naye atawaandalia wageni uji mchungu akidhani ni mtamu.

Jambo hili dogo la jikoni latufungulia mlango wa kuyafahamu maisha ya mwanamke mmoja wa China aliyekuwa miongoni mwa wapimaji hodari kabisa wa karne ya ishirini. Kazi zake mbili kubwa zilihusu kile ambacho wataalamu wa fizikia hukiita ulinganifu, yaani hali ya kitu kubaki vile vile hata kikizungushwa, kikigeuzwa, au kikitazamwa katika kioo. Katika kazi ya kwanza aliutegemea ulinganifu, kama mpishi anavyoutegemea uji uliokorogwa, na kwa vipimo vichache akapata dalili ya jambo lililowashangaza hata mabingwa wa elimu hiyo. Katika kazi ya pili aliuliza kama uji huo ulikuwa umekorogwa kweli, swali ambalo karibu watu wote waliliona halina haja. Nawe unayetafuta kweli, ukiwa umekwisha kuipata au ukiwa bado njiani, yafaa uzisikie kazi hizi mbili pamoja.

Kuzaliwa na Malezi Yake

Bibi Chien-Shiung Wu alizaliwa tarehe 31 Mei 1912 katika mji mdogo wa Liuhe, usio mbali na Shanghai. Wu ndilo jina la ukoo wake. Ufalme wa kale wa China ulikuwa umeanguka miezi michache tu kabla ya hapo, na nchi ilikuwa ikitafuta njia mpya. Baba yake, Wu Zhongyi, alikuwa mtu wa fikra pana. Katika zama ambazo wasichana wengi wa nchi ile waliachwa bila elimu, yeye alianzisha shule ya wasichana iliyoitwa Mingde, na mkewe, Bibi Fan Fuhua, akasaidiana naye katika kazi hiyo. Hivyo binti huyu alianza kusoma katika shule ya baba yake mwenyewe, pamoja na mabinti wa majirani.

Alipofika umri wa miaka 11 alipelekwa mji wa Suzhou kusoma katika chuo cha bweni cha walimu wa kike. Huko akagundua upungufu mmoja: wanafunzi wa ualimu walifundishwa sayansi kidogo kuliko wenzao wa masomo ya kawaida. Basi, nyakati za usiku, wenzake walipokuwa wamemaliza kazi zao, aliazima vitabu vyao vya hisabati, fizikia na kemia, akajisomea peke yake. Mwaka 1929 alihitimu akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Alipokaribia kuingia chuo kikuu mjini Nanjing aliingiwa na hofu kwamba msingi wake wa sayansi ni dhaifu. Baba yake hakumwacha akate tamaa. Alimletea vitabu, naye akavisoma likizo nzima. Aliingia chuoni mwaka 1930 kwa somo la hisabati, kisha akahamia fizikia, akahitimu mwaka 1934. Baada ya kufundisha na kufanya utafiti kwa muda wa miaka miwili, akashauriwa aende Marekani kuendelea na masomo.

Safari Isiyo na Marejeo

Mwezi wa Agosti 1936 alipanda meli bandarini Shanghai. Wazazi wake walikuja kumsindikiza. Yeye alidhani anakwenda kwa miaka michache, kisha atarudi na shahada yake kuitumikia nchi. Hakujua, wala wao hawakujua, kwamba ile ndiyo mara ya mwisho ya kuonana nao hapa duniani.

Alikuwa amekusudia kwenda Chuo Kikuu cha Michigan. Lakini alipofika California na kuona maabara ya Profesa Ernest Lawrence katika Chuo Kikuu cha Berkeley, tena akasikia kwamba huko Michigan wanafunzi wa kike hawakuruhusiwa kuutumia mlango mkuu wa jumba lao la wanafunzi, akaamua kubaki Berkeley. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1940, akiongozwa katika kazi za kila siku na Profesa Emilio Segrè, Mwitalia aliyekimbia ubaguzi wa utawala wa Mussolini.

Wakati huo Japani ilikuwa imekwisha kuivamia China, tangu Julai 1937, na barua za nyumbani zikakatika. Kwa miaka mingi hakujua kama wazazi wake wako hai. Mwaka 1942 aliolewa na Mchina mwenzake, mtaalamu wa fizikia Luke Chia-Liu Yuan, na mwaka 1947 Mwenyezi Mungu akawajalia mtoto wa kiume. Vyuo vikuu vikubwa vya wakati ule havikuwa na desturi ya kumpa mwanamke ualimu wa fizikia. Hata hivyo alifundisha Chuo cha Smith, kisha Princeton, na mwaka 1944 akajiunga na Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, ambako alidumu hadi alipostaafu mwaka 1981.

Hatutendi haki tukilificha jambo moja. Alipoingia Columbia mwaka 1944 aliingia katika kazi za siri za vita, na ujuzi wake ulikuwa sehemu ya juhudi kubwa iliyozaa mabomu yaliyoangushwa Hiroshima na Nagasaki mwezi wa Agosti 1945. Elimu ni kama kisu mkononi mwa binadamu: chaweza kukata mkate, tena chaweza kumwaga damu. Anayesimulia maisha ya wataalamu wa zama zile asimulie na hili.

Vita vilipokwisha, barua zikaanza tena kupita, akajua kwamba jamaa zake wamesalimika. Lakini mara China ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na baba yake mwenyewe akamwandikia kumshauri asirudi. Akabaki ugenini, akaurudia mtambo wake wa kupimia.

Mfungamano Usioonekana kwa Jicho

Ili ufahamu alichokifanya mwaka 1949, ndugu msomaji, yakupasa kwanza ulifahamu fumbo lililokuwa mbele yake.

Chukua jozi ya viatu. Kiatu kimoja kitie katika sanduku hili, na kingine katika sanduku lile, kisha sanduku moja lipelekwe mashariki na jingine magharibi. Aliye mashariki akifungua na kuona kiatu cha kulia, hujua papo hapo kwamba aliye magharibi anacho cha kushoto. Hapa hapana ajabu yoyote, kwani kila kiatu kilikuwa na hali yake tangu mwanzo.

Lakini fizikia ya kwanta, yaani elimu ya mambo madogo kama atomi na nuru, yatuambia kwamba chembe mbili zaweza kuungana kwa namna ambayo si ya viatu. Jozi nzima ina hali moja iliyo kamili, ila chembe mojamoja haina hali yake yenyewe mpaka ipimwe. Mwaka 1935 Albert Einstein, pamoja na Boris Podolsky na Nathan Rosen, walitoa hoja kwamba elimu yenye matokeo kama hayo haijakamilika. Mwaka ule ule Erwin Schrödinger akaupa muungano huo jina; sisi hapa tutauita mfungamano.

Basi mtu atautambuaje mfungamano? Ugumu wake ni huu. Ukiipima chembe moja peke yake huoni kitu. Majibu yake ni ya bahati nasibu kama shilingi inayorushwa hewani. Siri imo katika kuyalinganisha majibu ya chembe zote mbili. Na maswali yanayoweza kuulizwa ni mengi: hali ya chembe mbili za namna iliyo rahisi kabisa yahitaji namba 15 ili ielezwe kwa ukamilifu. Chembe zikiwa 10, namba zitakazohitajika ni 1,048,575. Anayetaka kuonja kila tone la uji wa namna hii hatamaliza kazi yake.

Jaribio la Mwaka 1949

Hapa ndipo ulinganifu unapokuja kumsaidia mpimaji.

Iko chembe iitwayo positroni, iliyo sawa na elektroni kwa uzito lakini yenye umeme wa kinyume. Positroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka, na badala yao hutoka fotoni mbili, yaani chembe mbili za nuru kali ya gama, zikikimbia pande zinazopingana. Jozi ile inapotoweka ikiwa haina mzunguko wowote ndani yake, haina upande inaoupendelea, kuizungusha hakuibadilishi. Tena ikigeuzwa kama katika kioo, alama yake ya kihesabu hugeuka kinyume, nayo nuru inayozaliwa lazima iirithi tabia hiyo. Ukiyaweka masharti haya mawili pamoja, fotoni mbili zinaruhusiwa hali moja tu: mtetemo wa moja uwe katika pembe mraba na mtetemo wa nyingine, ijapokuwa hakuna fotoni iliyowekewa upande maalumu.

Tazama jinsi ulinganifu ulivyoipunguza kazi. Kwa kuwa pande zote ni sawa, si lazima kuuliza chombo cha kwanza kimeelekea wapi na cha pili kimeelekea wapi. Yatosha kuuliza tofauti ya pembe baina yao. Maumbile yenyewe yamekwisha kuukoroga uji. Aliyebaki ni wa kuonja.

Mwaka 1946 John Wheeler alikuwa amependekeza jaribio la namna hii, na wengine wakakokotoa matokeo yanayotazamiwa. Majaribio ya kwanza yalifanywa, lakini vipimo vyake havikuwa thabiti vya kutosha. Bibi Wu, pamoja na msaidizi wake Irving Shaknov, wakaamua kulitenda kwa uangalifu mkubwa zaidi. Shaba ilipigwa katika saiklotroni ya Columbia mpaka ikawa yenye kutoa positroni. Ikafungwa ndani ya bonge la risasi lenye tundu jembamba, ili fotoni zitoke kwa njia moja tu, huku na huku. Mwisho wa kila njia paliwekwa kipande cha alumini. Sababu yake ni kwamba nuru ya gama haiwezi kuchujwa kwa kioo cha kawaida. Bali ikigonga elektroni za alumini, hupendelea kuruka kwa pembe mraba na mtetemo wake. Hivyo anayeona imeruka wapi huweza kukisia ilikuwa ikitetema vipi. Kisha vyombo viwili vya kuhesabia vikazungushwa: mara vikisimama sambamba, mara vikisimama katika pembe mraba, na kila mara zikahesabiwa fotoni zilizofika katika vyombo vyote viwili kwa wakati mmoja.

Hesabu za nadharia zilisema kwamba, kwa mtambo wa umbo lile, idadi ya pembe mraba igawanywe kwa idadi ya sambamba, jibu liwe 2.00. Bibi Wu na Shaknov walipata 2.04, na shaka ya kipimo ikiwa 0.08 juu au chini. Barua yao fupi ilitoka katika jarida la Physical Review mwanzoni mwa mwaka 1950.

Huenda ukauliza: je, viatu vya masandukuni havingetoa jibu hilo hilo? Hapana, ndugu msomaji. Tuseme kila fotoni ilitoka ikiwa na upande wake uliokwisha kuamuliwa, na mwenzake upande wa pembe mraba. Kwa kuwa hakuna upande unaopendelewa, jozi moja ingeelekea huku, nyingine kule, na nyingine katikati. Vyombo vikiwa vimesimama mahali pamoja, jozi zilizokaa mshazari zingeipunguza tofauti, na hesabu isingefika 2. Namba moja tu, iliyopatikana kwa kulinganisha mikao miwili, iliyatenganisha maelezo hayo mawili. Jambo hili lilibainishwa wazi mwaka 1957 na David Bohm na Yakir Aharonov, walioonyesha kwamba kipimo cha Bibi Wu kilikuwa ushahidi wa mfungamano wa kweli baina ya fotoni zilizokwisha kuachana.

Yafaa pia tuseme mpaka wa ushahidi huo. Kukisia mtetemo wa nuru kwa njia ya alumini ni kama kusoma barua kwa mwanga hafifu; hakufungi kila mlango wa ubishi. Bibi Wu mwenyewe alilirudia suala hilo na wenzake, wakatoa matokeo mapya mwaka 1975. Njia iliyo kali zaidi ilitokana na hoja ya John Bell ya mwaka 1964, ikatekelezwa kwa nuru ya kawaida na John Clauser na Stuart Freedman mwaka 1972, kisha na Alain Aspect na wenzake mwaka 1982. Clauser, Aspect na Anton Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022.

Kukoroga Hakuongezi Sukari

Njia ya kuutumia ulinganifu imekua sana baada ya hapo. Mwaka 1989 Reinhard Werner wa Ujerumani alichunguza jozi za chembe ambazo hubaki vile vile zote mbili zikizungushwa kwa namna moja, na ikadhihirika kwamba katika chembe zilizo rahisi kabisa zile namba 15 hupungua zikawa namba moja peke yake.

Mtu atasema: je, ikiwa chembe zangu hazina ulinganifu huo? Jibu lake ni zuri. Mpimaji aweza kuzikoroga mwenyewe, kwa kuzizungusha pamoja bila mpango, au kwa kuzibadilishana nafasi katika hesabu zake. Na imethibitika kihesabu kwamba kukoroga kwa namna hii hakuwezi kuumba mfungamano pasipokuwapo, kama vile kuukoroga uji hakuongezi sukari. Kwa hiyo, ukionja baada ya kukoroga ukakuta utamu, basi sukari ilikuwamo tangu mwanzo. Usipoukuta, usiharakishe kukanusha, kwani kukoroga huweza kuusambaza utamu mdogo hata usionjeke. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba kwa kubadilishana nafasi za chembe 10, mipangilio ya vipimo yapungua kutoka 59,049 hadi 66. Kazi iliyoshindikana ikawa yenye kuwezekana.

Alipouliza Kama Uji Umekorogwa

Sasa tuingie katika jambo lililomfanya Bibi Wu ajulikane duniani kote.

Katika mwaka 1956 wataalamu wa fizikia waliamini kwamba ulinganifu wa kioo ni sheria isiyovunjwa: tukio lolote la maumbile likionwa katika kioo, lile linaloonekana kiooni nalo laweza kutokea. Tsung-Dao Lee wa Columbia na Chen Ning Yang, wote wawili wakiwa Wachina kama yeye, waliuchunguza ushahidi, wakatambua kwamba katika nguvu dhaifu, ile inayosababisha baadhi ya atomi kuoza na kutoa elektroni, hakuna aliyewahi kuupima ulinganifu huo. Watu walikuwa wameuamini kwa mazoea tu. Wengi hawakuona haja ya kupima. Wolfgang Pauli, bingwa aliyeheshimiwa mno, alikuwa na yakini kwamba matokeo yatakuwa ya ulinganifu.

Mwaka huo Bibi Wu na mumewe walikuwa wamekwisha kukata tikiti za meli ili wasafiri Ulaya na Mashariki ya mbali, kuadhimisha miaka 20 tangu waondoke China. Yeye akamwacha mumewe aende peke yake, akabaki kupima.

Alihitaji kobalti 60 iliyopoozwa hadi sehemu ndogo mno ya digrii moja juu ya kikomo cha mwisho cha baridi, ili viini vyake viweze kuelekezwa upande mmoja kwa sumaku. Mtambo wa baridi kama huo ulikuwako Washington, katika taasisi ya taifa ya vipimo, na huko alishirikiana na Ernest Ambler na wenzake watatu. Swali lenyewe lilikuwa jepesi kulitamka: elektroni zinazotoka juu na zinazotoka chini, je, idadi yake ni sawa? Kama kioo kinasema kweli, lazima ziwe sawa. Hazikuwa sawa. Elektroni nyingi zilitoka upande ulio kinyume na mzunguko wa viini, na kobalti ilipopata joto, viini vikapotea mwelekeo, tofauti ile ikatoweka. Habari hiyo ilitangazwa mwezi wa Januari 1957.

Zingatia, msomaji, kwamba mtu huyu alikuwa yeye mwenyewe amenufaika na ulinganifu wa kioo katika kipimo chake cha fotoni. Je, alikuwa ameubomoa msingi wa nyumba yake? La. Fotoni zile zilizaliwa kwa nguvu ya sumaku na umeme, na katika nguvu hiyo ulinganifu wa kioo umesimama imara. Ulioanguka ni ule wa nguvu dhaifu. Lakini kabla ya kupima, hakuna aliyekuwa na haki ya kujua mpaka huo uko wapi.

Wasomaji wa gazeti hili watapenda kufahamu kwamba Profesa Abdus Salam, aliyezaliwa mwaka 1926 na kukulia Jhang, naye alikuwa katika mjadala huo. Mwaka 1956, kabla ya matokeo ya kobalti kujulikana, alifikiri kwamba ulinganifu wa kioo huvunjika kwa sababu ya tabia ya chembe ndogo iitwayo nyutrino. Pauli akamshauri atafute jambo bora zaidi. Kipimo cha Bibi Wu kilipotoka, ikaonekana kijana yule hakuwa amepotea. Nadharia iliyompatia Salam Tuzo ya Nobel mwaka 1979, pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg, imejengwa juu ya nguvu dhaifu isiyo na ulinganifu wa kioo, kama ilivyopimwa mara ya kwanza katika kobalti ile.

Heshima Aliyonyimwa na Heshima Aliyopewa

Tuzo ya Nobel ya mwaka 1957 walipewa Lee na Yang. Bibi Wu hakutajwa. Wengi waliona hakutendewa haki, kwani wazo lisilopimwa lingebaki kuwa wazo. Yeye aliendelea na kazi. Mwaka 1975 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Jumuiya ya Wanafizikia wa Marekani, na mwaka 1978 akawa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Wolf ya fizikia.

Lakini huzuni kuu ya maisha yake haikuwa ya tuzo. Baba yake aliaga dunia mwaka 1959, na mama yake mwaka 1962, naye hakuweza kwenda kuwazika kwa sababu ya uadui uliokuwapo baina ya serikali ya nchi aliyoishi na serikali ya nchi alikozaliwa. Aliporuhusiwa kuingia China mwaka 1973, baada ya miaka 37, alikuta hata makaburi ya wazazi wake yamekwisha kuharibiwa katika fujo za Mapinduzi ya Utamaduni. Waziri Mkuu Zhou Enlai alimwomba radhi kwa jambo hilo. Binti aliyeweza kuonyesha kwamba fotoni mbili zilizoachana zina hali moja, hakupata hata kaburi la kusimama mbele yake.

Bibi Wu alifariki mjini New York tarehe 16 Februari 1997, akiwa na umri wa miaka 84. Mabaki yake yalirudishwa Liuhe, yakazikwa katika uwanja wa shule ya Mingde, ile ile aliyoianzisha baba yake ili mabinti wasome.

Ndugu msomaji, huenda wewe nawe umo katika kuchunguza mambo mazito kuliko atomi, na maisha yako ni mafupi kama ya kila mtu. Huwezi kuonja kila tone, wala Mwenyezi Mungu hakukukalifisha jambo usiloliweza. Tafuta utaratibu uliomo katika unachokichunguza, onja pale ambapo kijiko kimoja hutosha, na toa hukumu yako bila woga. Lakini lile ambalo wewe, wazee wako na walimu wako mmeliamini kwa mazoea tu, lisiachwe bila kupimwa kwa sababu eti kila mtu analijua. Likiwa ni kweli, kipimo hakitalidhuru. Mwenyezi Mungu atujalie subira ya kupima na moyo wa kulikubali jibu, hata likija kinyume cha tulivyotazamia. Amin.